Tarehe zilizochomwa ndani ya redio za Kilosa

Saa mbili asubuhi, Hildegarda Mbawala anapuliza vumbi kutoka tumboni mwa redio. Kabla ya kugusa waya wowote, anainua chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya na kuandika ndani ya kava la plastiki. Moshi mwembamba unapanda. Zinabaki herufi mbili, H.M., na tarehe ya leo.

"Mteja akirudi akisema nimembadilishia spika, tunafungua, tunasoma, tunasalimiana upya," anasema bila kuinua macho.

Kibanda chake kipo Mabwerebwere, mjini Kilosa, na upana wake ni wa meza moja. Ana umri wa miaka 41. Babu yake alikuja wilayani kukata mkonge. Baba yake, Beda, alikuwa fundi redio, na ndiye aliyemfundisha kuchoma tarehe. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja tarehe hizo zingesomwa mahakamani.

Mwaka 2017, Mzee Yassin Mkude, mkulima wa mahindi nje kidogo ya Mikumi, alimletea redio iliyokufa sauti. Alikuja pia na lalamiko. Tembo walikuwa wamemaliza shamba lake huku yeye akiwa nyumbani anasikiliza taarifa ya habari.

"Nilimwambia, binti yangu, redio hii inanitangazia habari za dunia nzima, ila za shambani kwangu haizijui," anakumbuka mzee huyo, akicheka hadi anashika kiuno.

Hildegarda hakucheka. Alikusanya kengele mbovu za mlangoni, zile zisizotumia waya, akazifumua na kuziunga upya kwa wiki saba. Kilichotoka ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye kamba shambani. Mnyama akivuta kamba, kisanduku hurusha mawimbi. Redio iliyopo nyumbani, hata ikiwa inapiga muziki, hunyamaza, huwasha taa nyekundu na kulia king'ora.

Habari zikafika Munisagara, zikafika Lumuma, ambako watu walikuwa wanakesha kwa ajili ya nguruwe pori. Hadi mwisho wa mwaka 2020 alikuwa ametengeneza redio 46. Kila moja ilichomwa tarehe.

Kisha, mwaka 2023, ikaja barua kutoka kwa wakili wa kampuni moja ya Dar es Salaam. Kampuni hiyo ilikuwa inauza redio zinazofanya kazi hiyo hiyo, na ilikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kukitengeneza na kukiuza peke yake kitu kilichobuniwa. Iliomba hataza hiyo mwaka 2021. Ilimtaka Hildegarda aache mara moja, na alipoendelea, ikamshtaki.

"Barua ilikuwa na kurasa sita. Niliisoma mara tatu, nikafunga kibanda, nikaenda kuketi kwa mama," anasimulia. Sauti yake inashuka. "Waliandika kwamba nimeiga. Mimi!"

Redio hizo zilikuwa zinamwingizia zaidi ya nusu ya kipato chake. Lakini neno lile moja ndilo lililomnyima usingizi.

Wakili Editha Komba wa Morogoro alikubali kumtetea bila malipo. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna karatasi yoyote yenye tarehe. "Nilimjibu, dada, karatasi sina. Nina redio," anasema Hildegarda.

Ujumbe ukapelekwa vijijini. Redio zikaanza kurudi Mabwerebwere, nyingine kwenye beseni, nyingine ndani ya viroba, moja imefungwa kwenye sweta la mtoto. Zilifika 23. Joyce, mkulima wa Lumuma, aliiachia yake kwa shingo upande. "Fundi, itarudi lini? Maana nguruwe hawasubiri hakimu."

Mahakamani zilifunguliwa moja baada ya nyingine mbele ya jaji. Zote zilikuwa na tarehe za kabla ya mwaka 2021. Wakili wa kampuni akasimama na kuuliza swali ambalo Editha alikuwa analiogopa: nani atathibitisha kwamba hazikuchomwa wiki iliyopita?

Mzee Yassin, aliyekuwa shahidi, aliomba kuingiza mkono mfukoni. Akatoa picha ya harusi ya binti yake Irine, yenye muhuri wa studio wa Desemba 2017. Nyuma ya maharusi, juu ya kabati, ilionekana redio yake, na taa nyekundu inawaka.

"Hata siku ile tembo walikuja, mheshimiwa," alisema. "Hatukuwa tumewaalika."

Watu walicheka, na jaji pia.

Hukumu ilitoka miezi miwili iliyopita. Hataza ya kampuni ilifutwa, kwa sababu kifaa kilikuwa kinatumika hadharani kabla haijaombwa. Hildegarda anaweza kutengeneza redio zake. Ila kwa sababu hiyo hiyo, yeye naye hawezi tena kukiombea hataza kifaa hicho.

"Hapo nililia kidogo," anakiri. "Nilidhani kumiliki kitu ni kujua kukitengeneza. Nikawa nawapa watu tu, wala sikuuliza ofisi yoyote."

Mathias, fundi wa Mikumi, alipokuja kuomba ruhusa ya kuzitengeneza, Hildegarda alimwambia haihitaji. Kisha akamfundisha siku nzima, akampikia na ugali. "Lakini uchome tarehe," alimsisitiza.

Leo, pembeni mwa meza yake, kuna kitu kimefunikwa kwa kitenge. Mzee Yassin, aliyepita kununua betri, anakikazia macho.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Hicho nini?"

"Betri zako hizi hapa."

"Nimekuuliza hicho nini, binti."

Hildegarda anatabasamu, anavuta kitenge kifunike vizuri zaidi. Fomu za kuomba hataza ziko kwa Editha, zinapelekwa wiki ijayo. Hata mama yake mzazi hajaonyeshwa.

"Siku watu wa hataza wakizipokea fomu zangu na kunigongea muhuri, mzee, wewe utakuwa wa kwanza kukiona," anamwahidi. "Tarehe nimeshaichoma. Safari hii nasubiri na ya kwao."