Cucu Aliyekalia Ndoo ya Panchi

Nakumbuka Jumamosi moja ya Januari, wiki chache baada ya ndugu yako kuzaliwa. Tulikuwa tunaishi mtaa wa Landless, vyumba viwili kwenye ploti ya wapangaji wanane, na jua la Thika lilikuwa linawaka hadi mabati yanalia. Wanawake wa chama chetu cha akiba walikuwa wanakuja kuona mtoto. Na mimi, mwanangu, nilitaka wakirudi kwao wanitaje mpaka Ruiru.

Uji nilikataa kupika. Kila mzazi anapikiwa uji, nikasema, mimi nitawapa panchi ya waini nyeupe. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, wewe, Shiru, minne, na hakuna aliyeweza kuniambia kitu.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, sitajidharau. Asubuhi na mapema nilimenya mananasi matatu yaliyoiva hadi yananukia nje, nikayakata vipande vidogo. Nikakata machungwa na malimau mduara mduara, nikachuja pasheni, nikakwaruza tangawizi kidogo tu. Nikamwagia waini yote juu ya matunda ndani ya ndoo, nikafunika. Soda ya limau na barafu vinasubiri wageni, kwa sababu ukiitia mapema inapoteza yale mapovu yake na unabaki na maji ya sukari. Ya watoto niliitengeneza kwa ndoo nyingine, matunda yale yale, bila waini. Ndoo zote mbili zilikuwa za bluu, zimenunuliwa siku moja. Hapo ndipo ujinga ulipoanzia.

Cucu Njoki, nyanya ya baba yako, alikuwa amekuja kutoka Murera na kuku wake na unga. Akaniuliza ndoo ya pombe ni gani. Nikamwonyesha. Akaniambia nifunge kitambaa kwenye mshikio, halafu nimweke mtu mzima karibu nayo, maana mume wake alipokuwa akitengeneza muratina, pombe haikuachwa peke yake hata dakika moja. Pombe ina mwenyewe, na mwenyewe hukaa nayo. Nikamjibu kwamba hii si muratina, Cucu, ni waini ya supamaketi. Wazee wengine hugomba. Yeye aligeuka akarudi kwa kuku wake na unga wake, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Wageni walipofika, Cucu alifunika ndoo ya waini na kuikalia. Nilimletea kiti, akakataa. Aliyetaka kuongezewa ilibidi amwombe ainuke, achote mwenyewe, kisha mzee arudi kukaa. Wanawake wakaanza kucheka, mmoja akasema cucu ameshika benki. Nilitabasamu kwa meno tu. Ndani nilikuwa natokota, mwanangu. Niliona mzee amekuja kuniaibisha mbele ya chama changu.

Saa tisa hivi waini ilikuwa imeisha, matunda yamebaki chini. Watoto walikuwa wanalilia matunda. Nikamtuma jirani yetu Mama Brayo awachotee yale yaliyobaki, kwani waini si imenywewa, matunda ni matunda. Nikaingia ndani kunyonyesha.

Nilipotoka sikukuona. Nilizunguka ploti nikiita. Nikakukuta nyuma ya tangi la maji, umelala juu ya rundo la nguo zilizoanuliwa, kikombe kimeanguka kando yako na vipande vya nanasi vimemwagika kifuani. Nikakutikisa. Shingo yako ikaenda huku na huku kama ya kuku aliyechinjwa. Nikakutikisa tena. Hukufungua macho.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichomwambia Mama Brayo, kwa mdomo wangu huu. Sikulia, sikupiga kelele. Nilikubeba tu nikatembea moja kwa moja hadi kwa Cucu, kwa sababu ukiogopa kabisa, hasira inajua yenyewe pa kuteremka.

Alikuwa bado amekaa juu ya ndoo. Akakunusa mdomo. Akaokota kipande cha nanasi kwenye nguo yako, akakitia mdomoni mwake, akatafuna polepole nikiwa nimesimama hapo nakufa.

"Hii ni ya ndoo ya watoto," akasema. "Mama Brayo alikuja kwangu, nikakataa kuinuka. Nikamwonyesha ile nyingine. Huyu ameruka kamba tangu asubuhi, amechoka."

Nikamwambia kwamba mimi nilidhani waini ikinywewa imeisha.

"Imeisha kwa ndoo. Nanasi la humu limekunywa tangu alfajiri, Mama Shiru. Limelewa kuliko wageni wako wote."

Akachovya vidole kwenye maji ya barafu, akakupaka usoni. Ukakunja uso, ukafungua jicho moja, ukauliza kama keki imeshakatwa.

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji. Nilicheka hadi machozi, na wale wanawake wakacheka na mimi bila kujua wanachekea nini. Hasira niliyokuwa nayo kwa yule mzee sikuipata tena, hata nilipoitafuta. Matunda ya waini yalitupwa shimoni, na kuku wa jirani wakafukuzwa hapo hadi jioni.

Sasa Jumapili hii shangazi yako wa Ruiru anafungua nyumba yake, na umeomba kazi ya panchi uachiwe wewe. Nimekubali. Kata matunda vizuri, soda itie mwisho, tangawizi usizidishe. Lakini ya watoto tengeneza kwanza, kwa jagi ambalo hata kipofu hawezi kulichanganya na lile lingine. Ya waini nitaitia mimi, si wewe, na nitakaa nayo. Tunda lililolala kwenye pombe ni pombe, usimpe mtoto hata kipande. Na mzee akikuuliza swali dogo, mjibu kama swali kubwa, kwa kuwa penye wazee haliharibiki neno, mradi wewe ukubali kunyamaza usikilize. Mimi nilichelewa kukubali, nikasamehewa. Si kila mtu husamehewa.

Nenda ukaitengeneze, mwanangu. Mungu abariki mikono yako na wote watakaokunywa kutoka kwayo, na siku utakapokosea, akuwekee mtu mkaidi juu ya ndoo yako.