Jino la Papa Nililolala Nalo

Juzi binti yangu alinisomea kwenye simu habari za papa wa kale, waliotoweka kabla binadamu hajakuwepo, wanaojulikana leo kwa meno yao tu. Nikapandwa na hasira hadi mboga ya sombe, majani ya muhogo, ikaungua jikoni. Jino kama hilo nililala nalo, rafiki yangu, mjini Bunia, nikiwa darasa la tatu.

Miaka ile bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini watu bado walilala na viatu miguuni. Darasani tulichanganywa, wa Djugu na wa Irumu, watoto wa pande mbili zilizopigana, na hatukusemeshana. Mwalimu wetu alikuwa na jino jeusi la papa aliloliokota kwenye mawe ya mto, huko Kisangani. Alitueleza kwamba mifupa ya papa ni laini kama sikio, inaoza. Meno ndiyo yanageuka jiwe. Basi mtoto aliyeng'oka jino la utoto aliruhusiwa kulala na jino la papa siku moja. Weee, tulivyotikisa meno yetu! Tukaanza kuchunguliana vinywa, nani anafuata, bila kuulizana kabila.

Zamu yangu ilipofika nililifunga uzi lile jino la papa, nikalivaa shingoni. Nilikuwa uani naosha mboga za lenga-lenga, jirani akachungulia kwenye uzio. Wakati wa vita wapiganaji walivaa hirizi za meno, wakidai zinazuia risasi.

“Mama, mutoto yako iko navaa dawa ya vita!”

Watu wakajaa uani. Mama akaukata uzi kwa kisu.

“Nani alikupa hii kitu?”

“Ni mwalimu,” nikasema. Habari ya samaki niliijua yote, lakini niliogopa kuieleza mbele ya watu wale. Jino likatupwa chooni. Kesho yake wazazi walienda shuleni kumpigia mwalimu kelele, na wiki haikuisha akapanda lori la Mambasa, asirudi tena. Madawati yakagawanyika, hawa huku, wale kule.

Mwaka jana nilimuuliza mama kuhusu siku ile. Alikuwa anachambua maharagwe, wala hakuinua macho.

“Nilijua haiko dawa. Mwalimu alishatuelezea siye wazazi ku réunion, siku alituita ku shule. Lakini jirani alikuwa anaangalia. Ningefanya nini?”

Kumbe alijua! Miaka ishirini nimejilaumu mimi, kwamba ulimi wangu ndio uliomfukuza mwalimu wetu, na mtu mzima aliyeweza kusema sentensi moja alikuwa amesimama palepale, kisu mkononi. Nilitoka bila kuaga. Mama anapiga simu kila Jumapili. Napokea, namsalimia, na bado nimemkasirikia.