Watoto Wenye Mkato

Védastine hakuwahi kumfuta mtoto. Alikulia Bukavu, akarudi Rusizi, upande wa Rwanda, na wazazi wake, akasomea takwimu, na sasa anatunza data za mradi wa lishe: uzito wa watoto wa Nkanka, mwezi kwa mwezi. Mtoto akifa, taratibu za kazi zinasema futa. Yeye husema kaburi limeshafuta vya kutosha. Basi huiagiza programu yake ya takwimu imweke kando tu. Namba ya mtoto huyo hukatwa mkato wa mshazari, na hesabu zote humruka. Wenzake walimtania kwamba anafuga mizimu. Alicheka nao, ila hakuacha.

Kompyuta yake ni ya Linux. Za kituo cha afya ni za Windows, wala hazina programu ile, kwa hiyo kila siku ya kupima uzito inapokaribia, huwatolea data kama faili ya Excel. Kabla ya kutoa, huwaondoa kwanza wenye mkato kwenye nakala. Mwezi wa tatu faili ilifika kituoni herufi zimevurugika. Valens, mhudumu mgeni, alikuwa akipiga simu bila kupumua, kina mama wameshajaa uwanjani. Haraka haraka haina baraka, na Védastine aliisahau methali hiyo siku aliyoihitaji. Alitoa faili upya moja kwa moja, bila kuwaondoa wenye mkato. Majina yalifika yote, tena safi, mikato haikufika. Waliokufa wakawa wamepangwa katikati ya wazima.

Valens akasoma: Balagizi. Uwanja ukanyamaza, maana Balagizi alizikwa mwaka jana, na mama yake, Antoinette, alikuwa pale pale na mtoto mdogo mgongoni. Hakulia. Alisogea tu mbele, kama mtu aliyeitwa kweli, mpaka dada yake akamshika mkono.

Védastine akaelezwa yote siku hiyo hiyo. Kila akifungua data aliuona mkato wa Balagizi na kuhisi kuna anayemtazama. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa. Mwishowe akaenda kwa Antoinette kuomba radhi, akaahidi kwamba jina lile halitatoka tena. Antoinette aliendelea kumenya mihogo.

“Maman Védastine,” akasema kwa Kiswahili cha Bukavu, “hapa kwetu banakatazaka kumutaja. Bwana yangu anasema tutaita kifo ingine. Ile siku njo mara ya kwanza nasikia jina yake tangu tumuzike.”

Ahadi aliyokuja nayo Védastine kama dawa ilikuwa imegeuka kidonda, na alikuwa ameshaitamka.

Mkuu wake naye hakutaka maelezo: waliokufa wafutwe wote kabla ya upimaji ujao, na yeye mwenyewe angekuja kusimamia. Alikuwa na haki. Wapo kina mama ambao jina kama lile, likiitwa hadharani, lingewamaliza. Védastine akafuta, mmoja mmoja, akisoma kila jina kwa sauti ndogo. Alipofika kwa Balagizi alilia, kisha akafuta.

Siku ya kupima alikwenda Nkanka kuita majina mwenyewe. Kila aliyeitwa alikuwapo. Mdogo wake Balagizi alipimwa, akaonekana ameongezeka, akasifiwa. Majina yakaisha. Kina mama wakaanza kufunga watoto mgongoni na kuagana, lakini Antoinette alibaki kwenye benchi, macho kwa Védastine.

“Bado mumoja,” akasema taratibu.

Valens akapekua karatasi. Mkuu alisimama karibu na mizani, akaangalia saa, akauliza kama kuna tatizo. Védastine hakupekua kitu, kwa kuwa alijua fika kwamba hakuna. Aliinua ile karatasi ya mwisho kama anayesoma.

“Balagizi.”

“Iko,” akaitika Antoinette. Kisha akamkaza mdogo mgongoni, akashika njia ya nyumbani.