Soda ya Lorine

"Hii sahihi ni yako au si yako, Mama Tom?"

"Ni yangu. Lakini mimi nilisaini soda, Bwana Waliaula. Sikusaini steji."

Waliaula, msimamizi wa wadi, alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Achola, ambaye majirani wanamwita Mama Tom, alikuwa amemkalia mezani tangu ofisi ifunguliwe, na malalamiko yake yangeenea kwenye kiganja cha mkono. Steji ya matatu, kituo cha magari ya abiria kilichokuwa langoni mwa zahanati, imehamishiwa sokoni. Kutoka sokoni hadi zahanati ni nusu saa kwa mtu mzima mwenye miguu mizima, na mwenye miguu mizima hana haja ya zahanati. Sasa nani aliulizwa?

"Wananchi waliulizwa," Waliaula akasema, akigonga karatasi kwa kidole. "Kikao cha maoni, mwezi wa tatu. Watu themanini na wanne walikubali kwa kauli moja. Wewe ni nambari thelathini na moja."

Achola akainama kuangalia. Kweli, thelathini na moja ni yeye. Kisha macho yake yakateleza chini kidogo, kwenye thelathini na mbili, na tatu, na nne, na mdomo wake ukafungika. Pale Nyamasaria kuna watu ambao wangelipa nauli kuja kuona mdomo huo umefungika.

"Umenyamaza," Waliaula akasema.

"Nafikiria," Achola akasema, akachukua mkoba wake akatoka.

Achola anauza mgongo wazi kando ya barabara, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Anaikaanga hadi inalia ikivunjwa. Alisoma hadi darasa la nane, na anasema hayo manane yamemtosha, kwa sababu wenye kumi na sita amewaona wakishindwa kumjibu. Mwaka zahanati ilipokosa glavu, alimwomba muuguzi aandike kwenye karatasi kwamba hakuna, akaenda kuisoma kwa sauti dirishani pa ofisi ya wadi, kila asubuhi, kabla ya kufungua biashara. Siku ya sita glavu zilikuja. Waliaula tangu siku hiyo akimwona anakumbuka kwamba ana mkutano mahali.

Lakini hili la steji lilikuwa limemgusa nyumbani. Lorine, wifi yake, dada ya marehemu mumewe, ana sukari, na kidonda cha mguu kinachotaka kusafishwa kila Jumanne na Ijumaa. Pikipiki hawezi, mguu ukining'inia anauma meno. Kutembea ndiyo hivyo. Zamani matatu ilimshusha langoni. Tangu steji ihamishwe, na askari wa kaunti kufukuza kila gari linalosimama pale, Lorine alikuwa amekosa siku tano. Daktari hakugomba. Aliangalia tu vidole vya ule mguu kwa muda mrefu, akasema wakiendelea hivi watavizungumzia tena, na si kwa uzuri.

Sasa hiyo orodha. Siku ya kikao kulikuwa na hema, na maofisa kutoka mjini waliozungumza Kiingereza saa mbili nzima wakionyesha picha kwenye kitambaa ambacho jua lilikuwa limekifuta cheupe. Watu walikaa kwa sababu ya kreti zilizopangwa pembeni. Utaratibu ulikuwa rahisi: sahihi moja, soda moja. Achola alisaini yake. Halafu akakumbuka majirani wawili waliobaki wakimlindia karai la mafuta, akawasainia. Akamkumbuka na Lorine, aliyekuwa amelazwa mjini wiki hiyo, akamsainia pia. Hakuna aliyeona ubaya. Nusu ya hema ilikuwa ikisainia nusu iliyobaki nyumbani, na karani akipitisha kalamu kama sadaka.

Soda za majirani zilifika. Ya Lorine ilikuwa ipelekwe hospitali Jumapili, lakini njia ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Yaliyobaki Achola alimwachia Mungu.

Ndiyo maana alinyamaza mbele ya Waliaula. Orodha ile ingeweza kuvunjwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alitakiwa kwanza ajivunje mwenyewe. Na kamati ya bunge la kaunti ilikuwa inakuja Alhamisi kusikiliza malalamiko, katika ukumbi wa kanisa, mbele ya kila mteja aliyewahi kununua samaki kwake kwa kumwamini.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Lorine alisaidiwa hadi benchi la mbele, mguu ukawekwa juu ya kiti. Waliaula alisimama na faili, akaeleza habari ya watu themanini na wanne. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, akauliza kama kuna mwenye neno.

Achola akasimama. "Naomba Bwana Waliaula anisomee nambari thelathini na nne."

"Lorine Ajwang."

"Huyo alikubali steji ihamishwe?"

"Amesaini."

"Siku hiyo Lorine alikuwa kitandani hospitali, mjini. Huyu hapa. Karatasi za kulazwa anazo kwenye mkoba."

Mwenyekiti akaziomba karatasi, akazisoma pole pole. "Sasa huyu aliyesaini ni nani?"

Achola aliangalia kile kiti chenye mguu juu yake, bandeji imelegea, halafu akamwangalia mwenyekiti.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Na wawili waliomtangulia pia ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya soda."

Ukumbi ulicheka hadi vioo vikatikisika. Kabla haujatulia, sauti ikatoka benchi la mbele.

"Achola, yawa, jamani. Mimi hiyo soda sikuiona."

"Niliinywa, wifi."

"Yote?"

"Hadi chini."

Waliaula alikuwa ameanza kutabasamu. Tabasamu halikufika mbali, kwa maana Mzee Oluoch, fundi wa vitanda, alijiinua nyuma kwa mkongojo wake. "Na mimi nambari hamsini nilimsainia mke wangu. Alikuwa Bondo kwenye matanga." Mama mmoja wa pembeni akasema alimsainia mpangaji wake wa Migosi, ambaye hata Nyamasaria haijui vizuri. Mwingine akasema alisainia watoto wa shule, wote wanne, soda zilikuwa za rangi walizopenda. Watu walisimama wakicheka, wakaketi wakiona haya kidogo, na karani wa kamati akawa anapiga mistari juu ya majina. Mistari ilipokwisha, walibaki watu ishirini na sita, na mwenyekiti alipowauliza kama walisikia neno steji siku hiyo, hakuna mkono ulioinuka.

"Lilikuwa kwenye picha ya kumi na tisa," Waliaula akasema.

"Kwa lugha gani?" mwenyekiti akauliza, na Waliaula akaanza kutafuta kitu ndani ya faili.

Kamati iliamua magari yarudi kusimama langoni, bila kufukuzwa, mpaka kikao kingine kiitwe, kwa lugha ya watu, na orodha iwe na mahali pa kukubali na mahali pa kukataa. Achola akaomba liongezwe neno moja: soda itolewe kwanza, bila sahihi. Mwenyekiti aliliandika. Hakuna ajuaye kama alikuwa anatania.

Nje, Waliaula alimpitia karibu. "Umeniumbua, Mama Tom."

"Nimejiumbua mimi kwanza. Wewe umefuata tu."

Jumanne matatu ilisimama langoni. Lorine akashuka pole pole, mkono mmoja kwenye bega la makanga wa ile matatu. Achola alikuwa anamngoja na chupa iliyotoka kwenye friji, ikitoa jasho.

"Ni nini hiyo?"

"Deni lako."

Lorine aliitazama chupa, akamtazama wifi yake. "Mtu ana sukari, unamletea soda mlangoni mwa zahanati. Unataka kunizika upate kunisainia tena?"

"Sasa nikulipe nini?"

"Karai lako liko wapi?"

Waliongozana hadi ng'ambo ya barabara. Lorine akainama juu ya karai, akageuza mgongo huu, akaukataa, akageuza ule, hadi akapata mmoja mkubwa, nyama imeshika vizuri karibu na kichwa. Achola akaufunga kwenye gazeti, ingawa ulikuwa umewekewa mteja mwingine.

"Tumemalizana," Lorine akasema, akaukumbatia kifuani. "Hiyo soda mpelekee Waliaula. Siku ile alikauka mate."

Kisha akavuka, akaingia langoni kwa mwendo wake.