Beki wa Akiba

Nilipoteguka kifundo cha mguu, nafasi yangu ya beki wa kulia katika timu ya shule yetu, Chonyonyo, ikapewa mchezaji wa akiba. Mwalimu wa michezo akaniagiza nikae kando ya uwanja nimpime. "Ukisema anafaa, namwacha hapo hata ukipona," aliniambia. Fisi alikuwa amekabidhiwa bucha.

Mechi ya kwanza nilisaka makosa, sikuyapata. Alikuwa mkimya, miguu imara, na hakuna aliyempita. Iliniuma sana.

Ya pili tulicheza na Igurwa. Winga wao mmoja mwembamba akampita mara tatu, na mara zote tatu tukafungwa. Wengine beki wetu aliwafyeka bila huruma, lakini akija huyo alirudi nyuma na kuuficha mguu wake. Hapa pana jambo, nikajisemea. Baada ya mechi nikawakuta nyuma ya kanisa, wawili tu, wanatafuna punje za kahawa kutoka kiganja kimoja. Nikaona nimeshapata nilichokuwa nakitafuta.

"Shikamoo, mwalimu. Yule ameuza mechi."

Akaondolewa. Hakujitetea hata kidogo. Aliikunja jezi vizuri, akaniletea mkononi, nami nikahesabu ukimya wake kuwa ushahidi.

Mechi ya marudiano nilikuwa nimepona. Yule winga alipokuja nikamfyeka, akaanguka. Nilipomwinua akaniuliza, "Ndugu yangu yuko wapi leo?"

"Ndugu yako nani?"

"Beki wenu. Tulichanjiana," akanong'ona, akigusa kovu dogo karibu na kitovu.

Nikauachia mkono wake. Kwetu waliochanjiana humeza kila mmoja punje ya kahawa yenye damu ya mwenzake, na anayemuumiza nduguye huvimba tumbo mpaka afe. Padri wa shule yetu alikuwa ametangaza kwamba mwanafunzi atakayechanjiana atafukuzwa shule. Angejiteteaje?

Tulishinda. Mwalimu akanipiga begani. "Yule ulimpima sawasawa. Una la kuongeza?"

Ningeweza kusema arudishwe, achezeshwe kushoto, mbali na winga yule. Siri yake isingeguswa. Nilijua hivyo palepale, nikiwa nimesimama mbele ya mwalimu na jezi ile imenilowa jasho.

"Sina, mwalimu," nikasema.