Kabureta ya Mzee Sitati

Nakuru ina mafundi wa kila aina, na wengi wao siku hizi hutembea na kompyuta ndogo ya kuchomeka chini ya usukani ili gari lijisemee lenyewe linakoumwa. Wamalwa hana. Yeye ni fundi wa kabureta, na ukimtajia kijana wa leo kazi hiyo atakuangalia kana kwamba umesema unatengeneza taipureta. Babu yake aliletwa mjini na reli, baba yake akastaafu kiwandani, naye akaishia nyuma ya stesheni chini ya mabati, akifungua na kufunga vile vibakuli vya aluminiamu vinavyochanganya petroli na hewa kabla injini haijavuta. Wateja wake ni pampu za maji, misumeno ya mbao na trekta za wazee wabishi. Halalamiki. Ukimuuliza biashara ikoje, atasema, "Iko," na kurudi kwenye bisibisi yake.

Mkewe ni Natasha, binti wa marehemu Mzee Sitati wa Keringet. Hapo ndipo maisha ya Wamalwa yanapoingia ugumu, kwa sababu Natasha ana mama.

Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawapandi gari moja. Wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake, na neno likihitajika hupitia kwa mtu wa tatu. Ni heshima, na kila mtu anajua ni heshima. Familia nyingine za mjini zimelegeza kamba, ila si hii. Shida ni kwamba heshima na dharau, zote mbili zikinyamaza, hakuna awezaye kuzitofautisha. Tangu Wamalwa aoe, mkwewe huyo, Mama Nasimiyu, hakuwa amemwambia hata neno moja, na Wamalwa hakujua kama ni mila inayomnyamazisha au ni uchungu wa binti kuolewa na mtu wa kufungua pampu. Jambo hilo lilimuuma akila, likamuuma akikaza nati. Hakuwa na pa kuuliza, maana wa kuulizwa ndiye asiyeongeleshwa.

Sasa Mzee Sitati aliacha Mustang. Aliinunua kwa mzungu mmoja wa Njoro aliyekuwa akihama, nyekundu, injini ya silinda nane, na uhai wake wote aliiendesha kwenda kanisani polepole, kama aliyebeba mayai. Alipofariki ilibaki kwa mama, Lanet, chini ya turubai. Kabureta haikuwepo. Mahali pake palisokomezwa kitambaa, na watu wote wakakubaliana kwamba ni wezi wa siku za matanga.

Mwaka huu familia ilipanga ibada ya kumbukumbu kule Keringet, kaburini kwa mzee. Mama akasema atafika kwa gari la mumewe, au hatafika. Sydney, kaka yake Natasha, alikuwa na wazo.

"Toeni hiyo injini, tuweke ya Probox," alisema. "Hii kazi yake ni kunywa mafuta tu."

Mama akatuma neno. Fundi alitengeneze gari. Likipanda mpaka Keringet kwa nguvu zake lenyewe, litabaki lilivyo. Likikwama, Sydney alichukue.

"Fundi gani?" Wamalwa aliuliza.

"Wewe," Natasha akasema.

Wamalwa aliweka kikombe chini. Kama ni mtihani, aliona, basi ndio huu, na mtahini ni yule asiyetazamika.

Kwa Karanja wa vipuri kulikuwa na kabureta mbili zinazoweza kukaa kwenye injini ile. Moja ilikuwa ndogo, ya rangi ya jivu, ya kawaida. Nyingine ilikuwa kubwa na inang'aa, ya magari ya mashindano. Wamalwa alijua vizuri kwamba injini huvuta kadiri ya mapafu yake, na kwamba kuipa koo kubwa kupita kiasi ni kuitafutia kikohozi. Aliishika ile ndogo. Aliigeuzageuza. Karibu ailipie.

"Boss," Karanja akasema, "utaenda ukweni na kitu kidogo hivyo?"

Akanunua kubwa.

Kisha akaijaribu Kikopey. Mafundi wa Nakuru wote hujaribu magari Kikopey, na wakiulizwa watakwambia barabara ile ni nzuri kwa kupima injini. Sababu ni nyama. Mustang ilinguruma hadi Kikopey na kurudi, wachoma nyama wakaacha makaa kuja kuitazama, na Wamalwa akarudi mjini ameshiba na ameridhika. Hakuna hata mmoja aliyemkumbusha kwamba Keringet haiko upande wa nyama. Iko juu, Mau, kwenye baridi.

Siku ya ibada mama aliendesha mwenyewe, Natasha akiwa pembeni yake na simu mkononi. Wamalwa alifuata nyuma na pikapu ya kuazima, simu yake ikiwa wazi kwenye dashibodi. Sauti ya mama mkwe ilimfikia safi kabisa kupitia simu ya Natasha, lakini kwa utaratibu hakuwa amesikia kitu mpaka Natasha arudie.

"Mwambie fundi gari inavuta vizuri."

"Baba Nekesa," Natasha akasema, akimwita mumewe kwa jina la binti yao, "mama anasema gari inavuta vizuri."

"Mwambie mama asante."

Hiyo ilikuwa Njoro. Elburgon gari lilianza kukohoa. Kabla ya Molo lilitoa moshi mweusi hivi kwamba Wamalwa alifuata harufu tu, na kwenye mlima likatikisika, likazima.

Mama alishuka, akapanda ukingo wa barabara, akakaa kwenye nyasi akiwapa mgongo. Wamalwa ndipo akasogea na kufungua boneti. Alitoa plagi moja ya cheche. Ilikuwa nyeusi tititi. Hakuhitaji kutoa nyingine. Huku juu hewa ni nyepesi, na ile kabureta ya kifahari ilikuwa inaimwagia injini petroli bila hewa ya kutosha kuichoma. Alikuwa amechagua kwa macho ya watu, na sasa watu wanamsubiri kaburini. Aliona aibu.

Sydney akatokea na gari lake, akateremsha kioo.

"Niaje, shemeji. Niko na kamba."

"Ngoja kidogo," Wamalwa akasema, ingawa hakujua wanangoja nini.

Kutoka ukingoni mama aliongea na mashamba ya viazi yaliyokuwa mbele yake. "Natasha. Mwambie fundi, mzee hakuwa anatumia kubwa. Ile kubwa iliyokuja na gari, aliitoa mwaka wa kwanza. Aliweka ndogo."

Natasha alirudia yote. Wamalwa alisimama na plagi mkononi.

"Muulize mama, hiyo ndogo iliibiwa na nani."

"Hakuna mtu aliiba. Iko kwa buti, kwa sufuria."

Natasha akaenda kuangalia. Sufuria hilo alilipakia mwenyewe asubuhi akidhani ni kuku wa ibada. Ndani, ndani ya kitenge, kulikuwa na kabureta iliyopakwa mafuta, safi, haina hata chembe ya kutu.

"Nilitoa wiki ya mazishi," mama akaendelea kuambia viazi, "kwa sababu kuna mtu alikuwa tayari amepata mteja wa gari."

Sydney akapandisha kioo.

"Mama!" Natasha akasema. "Na mbona hukutuambia? Huyu mtu amehangaika hivi!"

"Ningemwambia nani? Wewe huwezi kunyamaza. Na fundi hakuuliza."

Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa haki, na Wamalwa hakuwa na nafasi ya kubishana nalo. Alifungua kabureta kubwa akaiweka kwenye nyasi, na ile ndogo ikakaa juu ya injini, bolti zikaingia kwenye matundu yake bila kulazimishwa. Jeti zake, vile vitundu vya kupitisha petroli, mzee alizibadilisha kuwa nyembamba, za mtu anayeishi mlimani. Alisafisha plagi, akamwomba Natasha awashe. Injini ilikataa, ikakataa tena, kisha ikashika. Ilibaki kurekebisha skrubu ya mchanganyiko, na hapo Wamalwa alikwama. Hakuwahi kusikia gari hili likiwa na afya. Kilikuwepo kichwa kimoja tu duniani kilichoijua sauti ile, nacho kilikuwa kimempa kisogo.

"Muulize mama," akasema, na hilo ndilo swali alilopaswa kuuliza tangu mwanzo, "lilikuwa linalia vipi."

Hakungoja jibu. Akaanza kugeuza skrubu polepole. Injini ilipanda kidogo.

"Mwambie bado," mama akasema.

"Bado," akasema Natasha.

Akageuza. Sauti ikawa nzito zaidi.

"Mwambie bado."

"Bado."

Akageuza kidogo sana, kiasi cha ukucha. Mngurumo ukashuka, ukatulia, ukawa wa mtu anayeenda kanisani bila haraka.

"Hapo, mwanangu," mama akasema.

Natasha alifungua kinywa kurudia, akakuta hakuna cha kurudia. Wamalwa alibaki ameinama chini ya boneti muda mrefu kuliko skrubu ilivyohitaji. Natasha alipomwangalia macho yaliyolowa, Wamalwa akamwambia ni petroli.

Mama alisimama, akajifunika leso kichwani, akamzunguka mkwewe kwa mbali kama inavyotakiwa. Wamalwa akampisha. Mustang iliingia barabarani bila moshi, Sydney akafuata na kamba yake, na pikapu ikaja nyuma kabisa, ikiacha nafasi kubwa ya heshima. Walikuwa wanaipita Molo simu ilipoongea.

"Mwambie fundi mbona amebaki huko nyuma. Aje karibu."

"Baba Nekesa, mama anasema—"

"Nimesikia," Wamalwa akasema, akakanyaga mafuta.