Hesabu ya Mama Bwire

Pamba iliyonyeshewa mvua ina harufu yake, nzito, kama ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Hadi leo nikiisikia, namwona mama amesimama mbele ya ubao. Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Bunda, hakikuwa na darasa la watu wazima, kwa hiyo akina mama walisomea kwenye ghala la pamba, wamekaa juu ya magunia, sisi watoto miguuni pao.

Tulikuwa tumehamishwa kutoka Bugwema. Kule, nyuma ya nyumba yetu, tuliacha makaburi ya ndugu zangu watatu, Bwire, Mugeta na Nyamisi, waliokufa kwa surua mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kila kaburi lilikuwa na msalaba mdogo wa mti. Mama aliendelea kuitwa Mama Bwire, hata na waliojua.

Mwalimu Magesa hakujua. Alikuwa kijana wa Musoma mjini, mpole, aliyewahi kusoma seminari. Siku ya kujumlisha alichora alama yake ubaoni, na mama akawatangulia wenzake kuuliza.

"Mwalimu, huo si msalaba?"

Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka. Alieleza kwamba zamani, huko Ulaya, watu walioandika Kilatini walikuwa na neno "et", maana yake "na". Waliandika mbili et tatu. Kwa haraka ya mkono ile e ikamezwa, ikabaki t peke yake, nayo ikawa vijiti viwili vinavyokatana.

"Kwa hiyo ni neno tu, mama. Mbili na tatu."

"Hata kwa Kijita ni na," alisema mama, akatabasamu. Hakuwa mtu wa kutabasamu hovyo. "Na kile kistari cha kutoa?"

"Wengine wanasema nacho kilikuwa herufi, m yenye kistari juu. Herufi ikaachwa, kikabaki kistari."

Mwalimu akafurahi kupata mwanafunzi anayeuliza. Akamwita mbele.

"Tujaribu kwa watoto wako. Kila mtoto, moja. Bwire, na nani?"

Wenzake wakatazamana. Mama angeweza kumwambia. Hakumwambia. Akashika chaki.

"Bwire," akaandika moja. "Na Mugeta. Na Nyamisi. Na huyu Nyangeta." Aliandika polepole, zile alama akizinyoosha vizuri kuliko tarakimu zenyewe. Mwisho, baada ya vistari viwili vya sawasawa, akaandika moja.

"Hapana, mama. Hesabu tena. Ni nne."

"Ni mmoja, Mwalimu."

Mwalimu akalifuta jibu la mama kwa kiganja, akaandika nne kubwa. Jirani yetu akainuka, akamnong'oneza Mwalimu. Uso ulimshuka. Kwa kutaka kurekebisha, maskini, akachora kistari cha kutoa mbele ya ile nne, akaandika tatu. Mama akaiweka chaki juu ya gunia, akanishika mkono, tukatoka.

Njiani niliona aibu, niwe mkweli kwenu. Nilikuwa darasa la pili na kujumlisha nilikujua.

"Mama, lakini ni nne."

"Walikuwaga wanne," alisema.

Hakurudi darasani tena. Mwalimu alikuja nyumbani, akakalia kigoda, akaomba radhi. Mama akampa uji, wakaongea habari za mvua. Baadaye Mwalimu alihamishwa. Mama alikufa akiweka dole gumba panapotakiwa jina lake. Tulipokwenda Bugwema kuyatafuta makaburi, tulikuta pamelimwa. Misalaba iliyoliwa na mchwa, iliyogeuzwa kuni, nani angejua?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hesabu ilimshinda. Kisha nami nikamzika binti yangu. Siku moja, hospitalini Musoma, nesi akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema watatu. Nikasema, hapana, wawili. Akanitazama kama mtu anayemtazama mama wa kisomo aliyekwama ubaoni, na hapo ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa amemwamini Mwalimu. Alama ni neno "na", basi akawaunganisha wanawe wote; halafu akaandika aliyebaki. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna aliyewahi kutufundisha namna ya kuyaandika pamoja.

"Sasa ni wangapi?" aliuliza nesi.

Nikamwambia aandike anavyotaka.